Gari Halimjui Mtu

Kama una gari la siku hizi, yale ya kubonyeza kitufe yakanguruma, na umepoteza funguo, tafadhali usije kuniuliza mimi. Mimi nauza saiti mira, vile vioo vya pembeni vya magari. Naitwa Onesphory, fremu yangu ya duka iko mtaa wa Gerezani, kwenye barabara ya mwendokasi, na kila siku ya Mungu mtu ananishika bega: "Samahani kaka, wewe ndiye fundi funguo?" Nimesimama mbele ya ukuta mzima wa vioo, nimeshika kioo mkononi, na bado mtu anauliza! Fundi funguo yupo hapo kibarazani kwangu, bwana. Usipomwona utamsikia.

Anaitwa Shadya. Ni mtu wa Lindi, mwanamke wa makamo, mnene wa kiasi, miwani kaipandisha juu ya mtandio, na mdomo wake haujui kupumzika. Zamani alikuwa anatembeza vishikizo vya funguo Kariakoo nzima, vile vyenye viatu vidogo na vidoli. Siku moja mvua ikamkuta mbele ya fremu yangu, akaomba ajikinge mpaka ikatike. Mvua ilikatika siku ileile. Yeye yupo mpaka leo.

Alianza na funguo za makufuli. Akapata kimashine cha kuchongea, akawa anakizungusha hapo huku anaimba, mimi masikio yanawasha. Halafu magari ya funguo za chipu yakajaa mjini, mafundi wengi wa zamani wakaogopa, wakasema hayo ni mambo ya kompyuta. Shadya hakuogopa. Alijifunza kwenye video za simu, nyingine za Kichina ambazo hakuelewa hata neno, anaangalia mikono tu. Akanunua kifaa cha kuprogramu, kama simu kubwa yenye waya, unachomeka chini ya usukani, gari linasomeshwa funguo mpya. Kifaa hicho amekipa jina Profesa. "Msinisumbue," anasema, "Profesa anafundisha." Akimaliza, gari likiwaka, anapiga kigelegele barabarani kama kaozesha.

Na majigambo sasa! "Mimi nafungua kila kitu mjini hapa isipokuwa mlango wa pepo." Namwambia debe tupu haliachi kuvuma. Ananijibu, "Na wewe kioo chako kinaonyesha sura yako, pole sana."

Ila kwenye kazi hana mchezo. Ukija kutaka funguo lazima uje na gari lenyewe, kadi ya gari, kitambulisho, na funguo uliyobaki nayo kama ipo. Hayo wengine nao wanadai. La kwake peke yake ni simu. Kabla hajagusa chochote anakwambia, "Piga nyumbani. Weka spika." Akipokea mkeo au mama yako au nani, Shadya anamwuliza, "Gari lenu lina alama gani ambayo mpita njia haijui?" Mtu wa nyumbani anasema labda siti ya nyuma ina doa la ukwaju, au kifuniko cha mafuta kimefungwa na mpira. Shadya anakagua, akikuta ni kweli ndipo anachomeka Profesa.

Wateja wanakasirika kweli. Kuna bwana mmoja, shati limenyooshwa, alibisha mpaka akachoka, mwishowe akapiga. Mke akapokea. Shadya akamsalimu vizuri, akamwuliza alama ya gari. Sauti ikasema, "Gari? Khalfani, una gari?" Yule bwana alikusanya kadi yake akaondoka na gari lake la siri likiwa na funguo moja vilevile. Tulicheka mpaka mimi nikavunja kioo.

Sasa Samir. Samir ni kijana wa Mchafukoge, watoto wa Kiarabu wale wenye maduka ya vitambaa vya majora, mpole tu, ila ana haraka na kila kitu. Aliagiza gari aina ya Premio, rangi ya fedha, likatoka bandarini na funguo moja. Akaja kutaka ya pili. Shadya akamwambia apige simu nyumbani, akampigia mama yake, Bi Nour.

"Alama?" Bi Nour akasema kwenye spika. "Linanuka udi, mwanangu. Na mkanda wa siti ya nyuma haujawahi kufungwa, kwa sababu mimi unanibana."

Basi hao wawili wakaanza kupiga soga, Samir anatoa jasho kwenye usukani. Wakaongelea joto, magoti, bei ya tui. Funguo ilipokamilika na kigelegele kikapigwa, Shadya akamwamuru Samir, "Hii ya pili akae nayo mama. Wewe una haraka, utaipoteza." Samir akaenda kumpa mama yake. Na wale wanawake wawili, ambao hawajawahi kuonana kwa macho, wakawa wanapigiana simu kusalimiana.

Baada ya muda Samir akapita tena, kwa miguu, ana haraka zake. "Dada Shadya, gari linalia. Nikibonyeza nifunge milango linapiga pii, pii, halifungiki."

Shadya wakati huo yuko chini ya usukani wa gari la mtu, makalio nje, kichwa ndani. Akajibu bila kutoka, "Mbwembwe za Kijapani hizo, litazoea."

Na mimi nisiyejua kitu nikatikisa kichwa kumuunga mkono. Samir akaenda zake. Kwa vile gari lenyewe linashinda mbele ya duka lake, akaamua kuliacha hivyohivyo bila kufunga. Nani ataiba gari lisilo na funguo, mchana kweupe, machoni pa mtaa mzima?

Ikapita kama wiki. Karibu na adhuhuri, jua limetuchoma kisawasawa, namwona Samir anakuja anakimbia, nyuma yake binamu zake wawili nao wanakimbia. Nikajua kuna msiba.

"Shadya, gari langu liko wapi?"

Shadya akacheka. "Uliniachia mimi?"

"Limeibwa! Hakuna kioo kilichovunjwa, hakuna aliyelisukuma. Mtu kaingia, kabonyeza, kaondoka. Funguo yangu hii hapa. Ya mama iko kwa mama. Umechonga ya tatu, umemuuzia mwizi!"

Alisema kwa sauti ya kuuza nyanya. Na Gerezani bwana, ukitamka mwizi hurudii. Watu walitoka kwenye fremu, kwenye gereji, wengine na spana mkononi. Nyomi. Mama mmoja aliyekuwa anasubiri kuchongewa funguo ya gari lake la Noah aliinyanyua mezani polepole, akaitia kwenye pochi, akasema "nitarudi", na macho yake yalisema harudi. Wa pili naye akachukua yake.

Hapo ndipo nilipoogopa. Fundi breki akikosea utamrudia umgombeze, akutengenezee upya. Fundi funguo akishaitwa mwizi amekwisha. Watu wanampa milango ya maisha yao, hawana kingine cha kumpimia isipokuwa jina. Shadya jina lake ndilo duka lake, kiti na meza ni vyangu.

Na yeye, mwanamke wa maneno yale yote, alinyamaza. Sijawahi kuona. Amesimama tu na bisibisi mkononi. Roho iliniuma jamani, nikapandwa na hasira.

"Samir!" nikamfokea. "Shika adabu yako. Hiki ni kibaraza changu!"

"Nyamaza wewe, muuza vioo vya wizi!"

Watu wakacheka. Mimi! Vioo vyangu vina risiti, vyote, nikaanza kusema hivyo, na jinsi nilivyozidi kusema risiti, risiti, ndivyo walivyozidi kucheka. Binamu mmoja akasema maneno yamekwisha, twende kituoni. Mwingine kwenye kundi akaniambia nimtoe huyo mwanamke kabla fremu yangu haijaingia kesi. Nikamwambia nitamtoa yeye kwanza.

Shadya akaweka bisibisi mezani. Akashusha miwani machoni. "Kituoni twende," akasema, sauti ndogo. "Lakini kwanza piga nyumbani. Weka spika."

"Mama yangu anahusikaje?"

"Piga."

Watu wakasema apige, kuna ubaya gani? Samir akapiga.

"Asalaam aleikum mama. Shikamoo, ni mimi Shadya."

"Waaleikum salaam. Marahaba mwanangu! Nilikuwa nakuwaza sasa hivi. Goti lako?"

"Goti linaendelea, mama. Ile funguo ya gari unayo?"

"Itaenda wapi? Nimeifunga kwenye pindo la kanga, mafundo mawili."

"Ishike mkononi, mama, uniambie unaiona."

Tukasikia ndala zinaburuta. Mlango wa kabati. Droo. "Kanga ipi lakini... hii siyo... ile ya njano..." Ndala zikasimama. Hata bajaji zilizozuiwa na nyomi ziliacha kupiga honi.

"Subhanallah," akasema Bi Nour.

"Mama, kanga iko wapi?"

"Samir mwanangu, ile kanga si ndiyo ninayoitandika nikikaa garini? Siti zako zinachoma mapaja! Iko hukohuko siti ya nyuma, tangu siku ile tulipokwenda kwa mama yako mdogo."

Kicheko kilicholipuka hapo, nadhani kilifika Mnazi Mmoja. Samir amesimama, simu mkononi, amekuwa mwekundu.

Sasa Shadya akapata sauti. "Jamani, gari halimjui mtu, linaijua funguo! Funguo ikiwa ndani ya gari, hata mbuzi akibonyeza kile kitufe linawaka. Zile pii pii zilikuwa zinasema: Samir, umeacha funguo ndani." Halafu akajishika kichwa. "Na mimi mjinga nikamwambia litazoea! Aliniuliza jamani, nami sikutoa hata kichwa kuangalia."

Hakuna aliyemlazimisha kusema hilo. Samir mwenyewe alikuwa amesahau. Angeweza kulimeza na dunia isingejua, lakini akalisema mbele ya spana zote zile. Nilimpenda sana saa ile, ingawa sikumwambia, maana angelitia kwenye majigambo.

Lakini gari lilikuwa bado halipo. "Sawa," akasema binamu, "hakuchonga ya tatu. Gari liko wapi?" Na kundini kuna mtu, wa hivyo hakosekani, akasema labda fundi na bibi walipanga. Nikaona macho ya watu yanaanza kumrudia tena Shadya.

Simu ya Samir ikaita. Namba ngeni. Akapokea, na spika ilikuwa bado imewashwa.

"Wewe ndiye Samir wa majora?" Sauti ya mzee, kali.

"Ndiyo mzee, shikamoo."

"Marahaba. Nani amekuruhusu uweke mizigo yako kwenye gari langu?"

Samir akatutazama. "Mizigo gani, mzee?"

"Nafungua buti niweke samaki, nakuta majora ya vitambaa! Namba yako imeandikwa kwenye mfuko. Sikiliza kijana, mimi Polycarp nimestaafu salama, sijawahi kula mali ya mtu, na sitaanza leo. Njoo Feri, hapa soko la samaki, uchukue vitu vyako. Na ufanye upesi, nina samaki changu hapa na jua hili halina huruma."

Shadya akaisogelea simu. "Mzee wangu, shikamoo. Gari lako rangi gani?"

"Ya fedha."

"Premio?"

"Umejuaje?"

"Hebu zunguka nyuma, baba, utusomee namba."

"Nisome namba ya gari langu mwenyewe? Mnanichukulia mimi mtoto?"

"Tunakuomba tu, baba."

Tukasikia hatua, na nyuma yake wachuuzi wa samaki wanapigiana kelele. Hatua zikasimama.

"Yesu na Maria," akasema Mzee Polycarp.

Alikuja mwenyewe Gerezani, polepole, taa zote zinawaka, kama maandamano ya harusi. Akashuka, shati limelowa, akaeleza. Aliegesha gari lake Mchafukoge, akaenda kuacha miwani yake ibadilishwe lenzi. Aliporudi akaona Premio ya fedha, akafungua, akakaa, akabonyeza, likawaka. Gari lake mwenyewe lilikuwa limeegeshwa mbele kidogo tu, na funguo yake ya halali imekaa mfukoni mwake muda wote haina kazi. "Niliona siti imesogezwa, nikajua ni mke wangu," akasema. "Nikaona tangi limejaa, nikasema Mungu ni mwema. Nikasikia harufu ya udi, nikasema huyu mwanamke leo ana jambo lake!" Alimpa Shadya mkono, akampa Samir mkono, akanipa na mimi, akatuomba radhi wote hata wasiohusika. Kanga ya njano ilikuwa pale siti ya nyuma, imekunjwa, pindo lina fundo kubwa kama limao. Majora yalinuka samaki. Watu walicheka mpaka wakaishiwa, wakaanza kutawanyika.

Na Samir je? Samir alimsogelea Shadya, akamwambia kwa kunong'ona, "Dada, yaishe basi," akafungua mlango wa gari aondoke.

Damu ilinichemka. Yaishe? Umemwita mtu mwizi mpaka walioko ndani ya mwendokasi wamesikia, unamwomba radhi kwa sauti ya mbu? Nilikuwa navuta pumzi nimtolee uvivu, bajaji ikasimama mbele yangu. Akashuka mama mmoja mfupi, buibui nyeusi, anachechemea goti, kashika mkono wa dereva. Hatukuhitaji kuambiwa.

Bi Nour hakumsalimia mwanawe. Akauliza, "Shadya ni yupi?" Alipoonyeshwa, walishikana mikono, hawakuachiana haraka. Kisha akageuka.

"Samir. Ulipomwita mwizi, ulimwita kwa sauti gani?"

"Mama, nimeshamwomba..."

"Sikukuuliza hilo. Kwa sauti hiyohiyo, na watu walewale warudi wasikie."

Watu walisharudi. Samir, masikini, akasimama katikati ya barabara, akapaza sauti: "Dada Shadya si mwizi! Nimemkosea! Naomba radhi!" Na mama yake akanyoosha kidole upande wangu, Samir akaongeza, "Na kaka wa vioo!" Niliipokea. Nilisema nina risiti.

Nilidhani yamekwisha. Bi Nour akaketi kwenye kiti changu bila kuomba, akaingiza mkono kifuani chini ya buibui, akatoa shada la funguo. Geti la chini, mlango wa ghorofani, chumba chake, kabati la dhahabu zake, zote humo. Akamkabidhi Shadya mbele ya umati.

"Nichongee zote. Nyumbani sasa hivi hakuna mtu."

Shadya alizitazama zile funguo, akamtazama mama. Hakuimba safari hii. Alichonga moja baada ya nyingine, vumbi la shaba linaruka, mimi nimemshikia taa. Aliposuguasugua ya mwisho akaziweka pamoja, za zamani na mpya, akamnyooshea.

Bi Nour akachukua shada lake la zamani, akalirudisha kifuani. Zile mpya akazisukuma zirudi kwenye kiganja cha Shadya, akakifunga vidole kwa mikono yake miwili.

"Hizi si zangu, mwanangu. Kaa nazo wewe. Mimi nasahau, wote wameshuhudia. Siku nikifungiwa nje ya nyumba yangu, nijue pa kuja."

 

Shadya alilia. Alilia kwa sauti, kamasi na kila kitu, miwani ikaingia ukungu, mimi nikajifanya nafuta kioo. Nikamwona yule mama wa Noah anarudi, anatoa funguo yake kwenye pochi, anaiweka mezani. Shadya bado ana shada mkononi, akaliinua juu, akatugeukia mtaa mzima, machozi yanatiririka, na sauti yake ileile ya siku zote imerudi.

"Mmeona nyie? Mmeona?"

"Tumeona, Shadya," nikamwambia. "Tumeona wote."